Nani Mwenye Msamaha?

Mwishoni mwa mwezi wa Mei 2025, ukiingia Mfungo Tatu, nilikuwa Ngomeni kwa jamaa zangu. Atokaye Malindi akaipita Mambrui na Gongoni, akayavuka mashamba ya chumvi yanayong'aa juani kama bati jipya, mwisho wake hufika kwenye ule ulimi wa nchi ambako wavuvi huvuta vyombo vyao pwani, na mbele yao baharini imesimama ile minara ya Waitaliano iliyokuwa ikirushiwa maroketi tangu 1967 hadi 1988. Hapo, baada ya sala ya Alasiri, tulikuwa tumeketi barazani.

Wazee walikuwa wakimtaja mwenzao aliyekwenda Hija mwaka ule. Kabla ya safari alipita mlango kwa mlango, kama ilivyo desturi yetu, akisema: "Nisameheni, niwieni radhi." Mvuvi mmoja akamjibu mbele ya watu: "Ami, nitakusamehe ukishanilipa wavu wangu." Watu wakacheka, lakini wavu ulilipwa siku ile ile, na haji wetu akasafiri moyo mweupe.

Kicheko hakijesha, kijana mmoja akatoa simu yake akatusomea habari ya Nairobi. Mnamo Mei 28, katika ile hafla ya kila mwaka ya maombi ya taifa, Rais William Ruto alisimama akawaomba radhi majirani zetu wa Tanzania na Uganda, kisha akawageukia vijana wa Kenya akawaambia kwamba kama kuna kosa lolote walilotendewa, basi anaomba radhi. Baraza ikanyamaza kidogo. Mzee mmoja, ambaye maisha yake yote ameyamaliza baharini, akauliza: "Ameomba kwa nani?"

"Kwa vijana, babu."

"Wepi? Walio hai au waliokufa?"

Hakuna aliyemjibu, wala mimi sikuwa na jibu. Swali lile nimelichukua mpaka nyumbani, na ndilo lililonikalisha kuandika makala haya.

Kadhia yenyewe haihitaji kurefushwa. Mwezi wa Juni 2024 vijana waliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 wakafika hadi ndani ya Bunge. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu wasiopungua 60 waliopoteza maisha katika maandamano ya mwaka ule, mbali na waliotekwa wasijulikane walipo. Baada ya mwaka mzima ndipo likaja ombi la radhi, nalo limefungwa kwa neno "kama". Wala mwezi haukutimia tangu kuombwa radhi ile, Juni 25, 2025, vijana wakarudi barabarani kuwakumbuka wenzao, na wengine wakafa tena.

Na hii si mara ya kwanza. Machi 26, 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliliomba taifa msamaha Bungeni kwa dhuluma zilizotendwa na serikali zilizopita, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 wa kuwafuta machozi waliodhulumiwa. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuwa imekwisha kukabidhiwa tangu Mei 2013. Miaka ikapita, ripoti ikalala, na wale waliokwenda mbele ya tume kutoa ushahidi, hata wa huku kwetu Pwani, wakazeeka wakingoja. Kila walipouliza waliambiwa yale yale: Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Sitaki kuonekana kwamba nawanyooshea wakubwa kidole hali mimi mwenyewe ni msafi. Kosa hili la kutoa na kudai msamaha usio wangu nimelitenda, na nimelitenda kwa kalamu.

Tarehe 28 Novemba 2002 ilikuwa Alkhamisi, nasi tumo katika kumi la mwisho la Ramadhani. Asubuhi ile wageni kutoka Israeli walikuwa ndiyo kwanza wafike katika hoteli ya Paradise huko Kikambala, na wachezaji ngoma wa Kigiriama wamejipanga kuwalaki, pale gari lililojaa baruti lilipojitosa mlangoni. Walikufa Wakenya kumi na Waisraeli watatu, wawili kati yao watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Dakika zile zile makombora mawili yalirushwa kuielekea ndege ya Israeli iliyokuwa ikipaa kutoka uwanja wa Moi, Mombasa, yakaikosa kwa kudra ya Mungu. Al-Qaida ilijitapa kuwa ndiyo iliyotenda. Wakenya wanne walioshtakiwa kwa mauaji yale waliachiliwa na mahakama Juni 2005. Saleh Ali Saleh Nabhan, mtu wa pwani yetu, na Fazul Abdullah Mohammed wa Ngazija, waliotajwa kuwa vinara wa njama ile, waliuawa Somalia, mmoja mwaka 2009 na mwingine 2011. Hapana hata mmoja aliyesimama mbele ya wafiwa akasema: Ni mimi.

Siku zile Waislamu wa Pwani tulikuwa na hofu. Polisi walikuwa wakivamia majumba usiku, na jina la Kiislamu lilitosha kumfanya mtu ashukiwe. Nikaketi Mombasa nikatunga shairi la amani. Kibwagizo chake kilikuwa: "Tusamehe tusahau, nchi ipate salama." Nilipongezwa sana.

Mwaka uliofuata nilikutana na mama mmoja wa Kigiriama, mzaliwa wa upande huu wa Gongoni. Mwanawe alikuwa katika kikundi kile cha ngoma, na tangu siku ile alikuwa amerudi kukaa kwa ndugu zake. Mtu aliyenijulisha kwake alinisifu kwamba ndiye mtungaji wa shairi lile. Mama akanitazama, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, wewe umefiwa na nani hata ukasamehe?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Niliinama, nikaaga.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta kujua wenye vitabu wamesema nini juu ya msamaha wa makosa mazito, yale ya damu. Na madhali waliokufa Kikambala walikuwa Mayahudi na watu wa hapa petu, wakiwemo Wakristo, nimeona ni haki kusikiliza kwanza dini zao kabla ya kuirejea yetu. Najua msomaji atasema: Vipi utuletee maneno ya Mayahudi nasi tumeona ya Gaza? Nami namjibu kwamba sheria ya dini ni kitu kimoja, na vitendo vya serikali na majeshi ni kitu kingine. Tena sheria hiyo ukiifuata, utakuta kwamba damu ya Gaza hapana aliye mbali awezaye kuisamehe kwa niaba ya mama wa Gaza, kama vile hapana awezaye kuwasamehea wenye maiti wa Oktoba 7, 2023. Mizani ni moja.

Mayahudi wana siku yao kuu ya toba, Yom Kippur, ambayo hufunga na kuomba tangu magharibi hadi magharibi. Lakini Mishna, mkusanyo wa sheria zao wa tangu miaka kama 1,800 iliyopita, unaweka sharti: siku ile hufuta makosa baina ya mja na Mola wake tu. Makosa baina ya mja na mja hayafutiki mpaka aliyekosewa aendewe na aridhishwe. Mwanachuoni wao mkubwa, Musa bin Maimun, aliyekuwa tabibu katika Misri ya zama za Salahuddin na akafa mwaka 1204, alizipanga hatua zenyewe. Mkosaji kwanza arudishe alichochukua au alipe. Kisha amwendee mwenyewe kumwomba, na akikataliwa arejee pamoja na watu watatu, mara ya pili na ya tatu. Baada ya hapo, mwenye kuendelea kukataa ndiye anayebeba dhambi, kwani haifai mtu kuwa na moyo wa jiwe. Na kama aliyekosewa amekwisha kufa, mkosaji apeleke watu kumi kaburini na akiri kosa lake mbele yao.

Basi si kweli, kama wasemavyo watu, kwamba dini ya Mayahudi haijui kusamehe. Inajua, ila inauliza: Mwenyewe yuko wapi?

Swali hili lilimkuta Simon Wiesenthal, Myahudi aliyekuwa mfungwa wa Wajerumani katika mji wa Lviv wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Siku moja aliitwa kando ya kitanda cha askari kijana wa Hitler aliyekuwa akikata roho. Askari yule alikiri kwamba alishiriki kuwachoma moto Mayahudi ndani ya nyumba, watoto na wakubwa, na sasa alitaka Myahudi yeyote amsamehe ili afe kwa raha. Wiesenthal alitoka bila ya kusema neno. Baadaye, katika kitabu alichokitoa mwaka 1969, aliwauliza wanavyuoni na waandishi wa dini mbalimbali: Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Aliyejibu vizuri kwa maoni yangu ni Abraham Joshua Heschel, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyekuwa Marekani. Alisimulia kisa cha rabi mmoja mashuhuri wa mji wa Brisk, aliyepanda treni akiwa amevaa nguo za kawaida. Wafanyabiashara waliokuwa wakicheza karata behewani walimtaka acheze nao, akakataa, na mmoja wao akamtoa nje kwa ukali. Walipofika mjini, yule bwana akaona umati umekuja kumlaki mtu aliyemdhalilisha. Akamwendea kumwomba radhi, tena na tena, rabi asikubali. Watu wakastaajabu, kwani alikuwa mtu mpole. Rabi akaeleza kwamba yule bwana hakumtukana rabi, kwa kuwa hakumjua. Alimtukana mtu asiye na jina wala cheo, basi na aende akamwombe radhi mtu huyo.

Ama Wakristo, wao msamaha ni nguzo. Katika sala waliyofundishwa na Nabii Isa humwomba Mungu awasamehe kama wao wanavyowasamehe waliowakosea, na Petro alipouliza asamehe mara ngapi, jibu lilikuwa ni sabini mara saba, yaani usihesabu. Wala si maneno ya madhabahuni tu. Februari 16, 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Mwenzake, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, alikimbia na mkewe kwa miguu kuvuka milima hadi Rwanda. Mwaka ule ule alitoa kitabu ambacho jina lake lenyewe lilitangaza kuwa anampenda Idi Amin. Amin alikuwa mtu wa dini yetu, na sisi hatuna budi kulikumbuka hilo tunapoyasoma haya. Kivengere hakusema kwamba Amin ametenda vyema, wala hakuacha kuusema udhalimu wake. Alisema kwamba chuki ilikuwa ikimla yeye mwenyewe, akaamua kuitua. Lakini angalia, msomaji: Kivengere alisamehe lililompata yeye. Alikuwa mwenye haki.

Tena Wakristo wenyewe si wote wa kauli moja. Huko Afrika Kusini, Askofu Desmond Tutu aliongoza Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoanza kusikiliza watu mwaka 1996, na waliokiri yote waliweza kusamehewa mashtaka. Jamaa za Steve Biko, aliyefia mikononi mwa polisi mwaka 1977, walikwenda mahakamani mwaka ule wa 1996 kupinga sheria hiyo. Walishindwa katika hukumu. Hoja yao lakini haikufa: dola inaweza kuacha kushtaki, ila haiwezi kusamehe kwa niaba ya mjane.

Na Injili ina kisa kimoja ambacho Wakenya wa leo wanakijua nusu. Vijana walimbandika Rais jina la Zakayo, mtoza ushuru aliyepanda mti, wakawa wakimpigia kelele ashuke. Tulicheka sote. Lakini kisa hakikomi pale anaposhuka mtini. Zakayo aliposhuka alisimama mbele ya watu akaahidi kumrudishia kila aliyemdhulumu mara nne ya alichomchukulia. Hakuishia kwenye neno "kama". Huo ndio msamaha wa Kikristo ukisomwa hadi mwisho: neema ipo, na malipo yapo.

Sasa tuje kwetu. Tangu chuoni tunafundishwa kwamba kuna haki ya Mungu na haki ya mja, na kwamba hii ya pili haifutwi kwa sala wala kwa saumu mpaka mja mwenyewe aridhike. Nani kati yetu hajasikia hadithi ya muflisi, anayekuja Kiyama na ibada kama milima, kisha thawabu zake zigawiwe wale aliowatukana na kuwapiga na kula mali yao, hata asibakiwe na kitu? Katika kuua, Surat al-Baqara aya ya 178 imefungua milango mitatu, kisasi, diya na kusamehe, na ufunguo wa milango yote umewekwa mkononi mwa walii wa aliyeuawa. Haukuwekwa mkononi mwa jirani, wala mwa mtungaji mashairi. Ndiyo maana hata mbele ya jeneza husimama jamaa wa maiti akasema: Mwenye kumdai na atujie.

Wala Uislamu haukuamrisha mtu ajifanye hana kidonda. Mtume (S.A.W.) alipoingia Makka mwaka wa 8 wa Hijra aliwaachilia maadui zake wa miaka ishirini. Lakini Wahshi, aliyemwua Hamza, ami yake, alipokuja kusilimu alikubaliwa, kisha Mtume akamwomba ajitahidi asimwonyeshe uso wake. Msamaha ulikuwa umekwisha kutolewa, na huzuni ingalipo. Anayekudai usahau anakudai jambo ambalo hakudaiwa Mtume wako.

Kwa hivyo dini tatu hizi, ambazo watu hupenda kuzigombanisha, zimekutana mahali pamoja. Zinatofautiana katika kipi kitangulie. Myahudi husisitiza mkosaji aanze, alipe na aombe. Mkristo humhimiza aliyekosewa asingoje. Sisi tumepewa haki ya kudai na tukaambiwa kwamba kusamehe ni bora zaidi. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayomruhusu mtu wa tatu kusamehe asichokosewa, wala inayokubali toba isiyotaja kosa. Neno "kama" peke yake halitoshi kuwa toba.

Nikayaeleza haya barazani Ngomeni siku ya pili yake. Yule mzee akanionyesha kwa fimbo yake upande wa mashamba ya chumvi. Mwaka 2005 tume ile ile ya haki za binadamu ilikuja Magarini kusikiliza hadharani malalamiko ya watu juu ya utengenezaji wa chumvi, na mwaka 2006 ikatoa ripoti: watu waliohamishwa kwenye ardhi yao, mikoko iliyokatwa, visima vilivyoingia chumvi. Mzee akasema: "Bwana, sisi tumeshaambiwa tusamehe miaka mingi. Hatujaulizwa. Mimi sitaki mengi. Na aje mtu mmoja aniambie, 'Hapa palikuwa pako.' Tukianzia hapo, mengine tutasemezana."

Hebu tuitazame upya methali yetu. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wakubwa huipenda kwa ile nusu ya kwanza. Lakini wahenga walitia ndani yake neno "tugange", na mganga hamgangi mtu asiyemwuliza panapouma. Lililopita likiwa lingali linauma, basi halijapita. Limo katika yaliyopo, na ndilo la kugangwa.

Kabla ya kuondoka niliuliza habari za yule mama. Nikaambiwa yu hai, amekuwa mtu mzima sana, yuko kwa wajukuu zake ndani kidogo ya barabara. Nilikwenda. Sikwenda kuwaombea radhi waliomwua mwanawe, maana hawakunituma na hilo si langu. Nilikwenda kwa deni langu mwenyewe. Mwaka 2002 tuliandika na kutangaza kwamba si sisi, na kweli hatukuwa sisi. Lakini wengi wetu hatukutia mguu matangani.

Nikamwambia: "Mama, nimekuja kukuhani."

Akanitazama kitambo. "Miaka yote hii, mwanangu?"

"Miaka yote hii, mama. Nimechelewa. Ni kosa langu."

Akamwita mjukuu alete mkeka. Tuliketi mpaka jua likapunga, akinisimulia mwanawe alivyokuwa akipenda kucheza tangu mdogo. Sikumwuliza kama amesamehe. Niliporudi nilikitafuta kile kibwagizo changu cha zamani nikakifuta, nikaandika kingine, nacho nawaachia wasomaji wangu na yeyote anayejiandaa kuliomba taifa radhi:

Mwenye haki aulizwe, ndipo tutafute wema.